Mechi ya 18 NFL: walinzi wa mstari wa mbele wataihimili?

Mwanzisha mada
Wakuu, wamiliki wa timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanataka msimu wa kawaida uwe na mechi 18 badala ya 17 zilizoanza mwaka 2021. Fidia wanayoitaja ni kupunguza mechi za maandalizi kutoka 3 hadi 2. Mkataba wa sasa na chama cha wachezaji unakomea mechi 17 na utadumu hadi msimu wa 2030, kwa hiyo bila chama kukubali hakuna kitu.

Hoja yangu: tusipimie jambo hili kwa kwotabeki, yule mrusha mpira, tupimie kwa walinzi wa mstari, wale wa kilo 130 na zaidi wanaoinama mbele ya mpira. Kwao hakuna kubadilishana hapo. Mwenye namba ya kudumu huwa hachezi, au anacheza kidogo sana, mechi za maandalizi za Agosti. Ya 18 atacheza mipambano 40 hadi 50.

Kilo140
Naunga mkono, ila tutaje kinachoumiza hasa. Wengi hudhani ni kugongana kwa kasi. Mlinzi wa katikati, anayekaa uso kwa uso na senta (mpinzani anayeanzisha mpira), hana hata nafasi ya kupata kasi. Mpira ukianzishwa anapiga hatua fupi, mikono kifuani kwa mpinzani, viwiko ndani. Mara gadi, anayesimama kando ya senta, anamjia ubavuni: sasa ni wawili, jumla kama kilo 280, dhidi ya mmoja. Akiwahi kushusha nyonga anabaki pale pale, na wenzake wa nyuma wanakuwa huru. Nyonga zikigeuzwa, mguu mmoja unabaki umekita ardhini, halafu mtu wa tatu anauangukia kwa nyuma. Kano ya goti au kifundo imekwenda, na hakuna aliyekimbia hata mita mbili. Msuli wa kifua nao huchanika mkono ukinyooshwa kumdaka mkimbiaji anayepita pembeni.

Kichwa ni hadithi nyingine. Helmeti zinagusana karibu kila mpambano, kidogo kidogo, hakuna anayezimia wala daktari hakimbilii uwanjani. Mwaka 2022 ligi ilipolazimisha Guardian Cap mazoezini, ile kofia nene ya kuvika juu ya helmeti, ilianza na watu wa mstari na wanaocheza jirani nao.

Hesabu_Kwanza
Kilo140, umeeleza vizuri lakini umeruka fedha. Wachezaji wanapata takriban asilimia 48 ya mapato ya ligi. Mechi ikiongezeka, televisheni inalipa zaidi na kikomo cha mishahara ya kila timu kinapanda. Kura ya wachezaji ya 2020 juu ya mkataba uliofungua mlango wa mechi 17 ilipita 1,019 kwa 959. J.J. Watt, wakati huo mlinzi wa mstari wa Houston, aliupinga mkataba ule hadharani, na bado ukapita. Wenye mishahara ya chini ni wengi kuliko mastaa, na wanajua hawatadumu. Wachukue kilichopo mezani.

Zamu_ya_Pili
Ndugu, huyo wa mshahara wa chini ndiye anayenyang'anywa. Kambi inaanza na watu 90, mwishoni mwa Agosti wanabaki 53. Mlinzi wa saba au wa nane kwenye foleni ya namba, mazoezini haruhusiwi kumwangusha kwotabeki, na vifaa kamili vya kinga havivaliwi kila siku. Kazi yake inaonekana kipindi cha pili cha mechi za maandalizi, na mkanda wa video wa hapo ndio unaotazamwa na timu nyingine akiachwa. Ukiondoa mechi moja umeondoa theluthi ya mtihani wake. Waliotoka raga, kama Mkenya Daniel Adongo aliyejiunga na Indianapolis mwaka 2013, wanazihitaji dakika hizo kuliko yeyote.

Halafu pensheni inahesabu misimu, haihesabu mechi. Ukiwa kwenye orodha kwa mechi 3, msimu umeupata. Ya 18 haikuongezei chochote hapo.

Pembeni_Kulia
Na Chuo Kikuu cha Boston? 2023 walitangaza kukuta CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwenye ubongo wa wachezaji 345 kati ya 376 wa zamani wa NFL. Mnajadili nini tena?

Zamu_ya_Pili
Takwimu hiyo ni ya kweli, ila usiigeuze. Ubongo huo ulitolewa na familia, nyingi zikiwa zimeshaona dalili, kwa hiyo haisemi wachezaji wangapi kwa jumla wanao. Kinachotuhusu zaidi ni kwamba hatari hupanda kadiri miaka ya kucheza na mapigo ya kichwani vinavyoongezeka.

Kilo140
Dawa basi: siku ya mechi timu inavalisha 48 tu kati ya 53. Waruhusuni wote, mstari wa ulinzi uwe na 10 wa kupokezana.

Mwanzisha mada
Kocha hatawatumia, mkuu. Aaron Donald, mlinzi nyota wa mstari wa Los Angeles Rams, alikuwa anatoka uwanjani kwa nadra, na haikuwa kwa kukosa mbadala. Ukiwa na mtu kama yule, ni nani atampumzisha ikiwa yadi 3 zinaamua mechi? Mimi ningedai wiki mbili za mapumziko badala ya moja, na timu isicheze Alhamisi ikiwa imecheza Jumapili iliyotangulia. Kocha hawezi kukwepa kalenda.

Hesabu_Kwanza
Alhamisi imeshauzwa kwa televisheni. Hapo utawakuta wamiliki wagumu kuliko kwenye mechi ya 18 yenyewe.