Mrejesho: Land Cruiser HZJ75 iliyokuwa inatetema usukani

Wakuu, nawashukuru kwa moyo wote. Niliuliza kuhusu HZJ75 ya zamani ambayo ikipita shimo kwenye mwendo wa kilomita 70 hivi, usukani unatetema kwa nguvu mpaka upunguze mwendo.

Kubalansi magurudumu hakukusaidia. Shokapu mpya ya usukani ilituliza kidogo tu, mtetemo ukarudi. Kilichofichua ugonjwa ni kipimo mlichonielekeza: piga jeki ekseli ya mbele, shika tairi juu na chini ulitikise, huku mwenzako amekanyaga breki. Likiacha kucheza, tatizo ni beringi za gurudumu. Likiendelea, ni za kingpini, yaani egemeo ambalo gurudumu hugeukia ukikata kona. La kwangu liliendelea. Fundi alipofungua akakuta beringi za chini zimelika vibaya. Tumefunga mpya pande zote, akapanga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) kwa uangalifu, na tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani) moja iliyolegea ikabadilishwa. Mtetemo umekwisha, hata kwenye vumbi lenye mashimo.

Usukani bado unacheza kidogo ukiwa katikati. Tulikaza skrubu ya boksi la gia za usukani, ukawa mzito kurudi baada ya kona, tukailegeza ilivyokuwa. Boksi lenyewe litafunguliwa nikishapata sili na beringi zake.