Tupeane uzoefu: waliowahi kwenda peke yao na pikipiki kuangalia viwanda vya zamani

Mjukuu wa Manamba
Wakuu, juzi pale Segera nimepishana na lori la vyuma chakavu. Juu kabisa lilikuwepo pipa la korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge kupata nyuzi, limekatwa vipande viwili. Nilipaki pembeni, nikashindwa kuendelea na safari kwa muda.

Babu yangu alichukuliwa Kasulu, Kigoma, kwa mkataba wa SILABU, ile ofisi iliyoandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, akapelekwa Tanga, akapewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Alikuwa analisha majani kwenye korona mpaka siku ilipoondoka na vidole vyake viwili. Mwaka juzi nikasema lazima nikaone kile kiwanda kabla hakijaisha (shamba sitalitaja). Nikatoka Dar alfajiri na pikipiki yangu ile ile ya kuendea kazini, peke yangu.

Lami mpaka Muheza haina neno, ni kuwa macho na malori tu. Taabu ilianza nilipoingia ndani ya shamba. Njia za mkonge zote zinafanana: safu, safu, njia panda, safu tena. Jua likanizamia humo. Mchanga ukakamata gurudumu la mbele, nikaangukia kwenye mkonge. Mwiba wa ncha ya jani uliingia kwenye shavu la mguu ukakatikia humo humo. Taa imepasuka, simu haina mtandao, maji yamemwagika. Nilimuita babu kwa jina, na babu alishafariki.

Sijui ilipita saa ngapi nikaona tochi. Mzee, mlinzi wa shamba. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mguu upi?" Hata jina hakuniuliza kwanza. Aliutoa ule mwiba kwa koleo ya kwenye mkoba wangu wa spana, akafunga mguu kwa kitambaa, ndipo akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia Kasulu akanyamaza, halafu akanionyesha gizani kambi waliyokuwa wanakaa Waha.

Asubuhi akanipeleka kiwandani. Korona haipo. Zimebaki bolti nne kwenye zege, mfereji uliokuwa unapeleka maji na makapi, na nyaya za kuanikia. Kwenye waya mmoja singa, yaani nyuzi za mkonge, zilikuwa bado zinaning'inia, nyeupe. Nani mwingine amepitia mambo haya?

Dereva wa Hale
Umenigusa mkuu. Harufu ya maji ya korona ukishakulia nayo haikutoki.

Binti Pangani
Pole sana kaka. Mimi nilikwenda Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, unavuka na kivuko. Pale ndipo mbegu ya mkonge ilipopandwa mara ya kwanza. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida, vikapitia Hamburg, vilivyofika vikashika ni 62. Sitini na mbili tu! Mkonge wetu ulianzia kwenye hivyo, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Nilisimama pale nimeshika kofia ngumu mkononi kama niko msibani, maana hakuna anayekuonyesha kitu.

Mchambuzi Huru
Halafu 1967 mashamba yakataifishwa, ndio ukawa mwisho. Tuseme ukweli.

Mzee wa Ngomeni
Kijana, ukweli uuseme wote. Bei ilikuwa imeshaanguka kabla ya Azimio la Arusha lililotaifisha. Kamba za plastiki ndizo zilizotumaliza, mkulima wa Ulaya aliacha kufungia majani yake kamba zetu. Mimi nilikuwa kwenye brashi, chumba cha kusafishia singa, nafunga marobota ya kilo 250, nikayaona yanarundikana ghalani.

Mchambuzi Huru
Shikamoo mzee. Plastiki ilikuja kwa nchi zote. Brazili mbona wanaendelea kulima?

Mzee wa Ngomeni
Marahaba. Na sisi tunalima mpaka leo, njoo uone. Usizike mtu anayepumua.

Dereva wa Hale
Tusitoke nje ya mada jamani, hapa tunaongelea pikipiki.

Kimamba Ndani Ndani
Naomba niseme ya kwangu maana sijawahi kuisimulia. Jengo la mashine, shamba lililokufa zamani, huku Kilosa. Nikatundika kofia kwenye usukani nikaingia ndani. Nikasogeza bati moja tu nipite. Nikasikia mngurumo. Nyuki!

Nikakimbilia pikipiki, nikavaa kofia, nikapiga kiki. Kumbe wengine wameshaingia ndani ya kofia. Ndugu zangu, nimeendesha na nyuki usoni. Kioo kimefungwa, jicho la kulia linavimba naliona, wanatembea ndani ya sikio. Nikisimama walio nje wananimaliza, nikiendelea walio ndani wananimaliza. Nilikwenda hivyo mpaka nikaangukia uani kwa kina mama waliokuwa wanaanika mahindi. Mmoja akawasha majani mabichi, moshi ukajaa uwanja mzima. Mwingine akanivua kofia, akanilaza mapajani, akawa anakwangua miiba kwa mgongo wa kisu huku ananihesabia kwa sauti nisilale. Arobaini na saba. Zahanati walinichoma sindano, jicho lilifunguka siku ya nne. Yule mama nampigia simu kila Idi.

Binti Pangani
Mungu wangu. Nimesoma nimeziba mdomo.

Fundi Tyubu
Ukivamiwa jimwagie maji.

Mrina Asali
Usithubutu! Kimbia moja kwa moja, ingia ndani ya nyumba, usipigepige mikono. Nyuki akishauma anaacha harufu inayowaita wenzake. Mwiba unatolewa haraka. Kina mama wale walijua.

Fundi Tyubu
Basi vaa nguo nyeupe, nyuki wanachukia rangi nyeusi.

Dereva wa Hale
Nyeupe kwa vumbi la Kilosa, utafika mwekundu.

Msafiri wa Kiserian
Mie niko Kenya. Nilienda Magadi peke yangu, kwenye kiwanda cha magadi soda, kampuni yake ilianzishwa 1911 na reli yake inatoka Konza. Ukishuka kutoka Kiserian joto linakuja kidogo kidogo mpaka unashtukia limekukalia kifuani. Kiraka cha tyubu kilibanduka mara tatu. Bebeni tyubu nzima, na maji lita tano, msidanganyane na chupa moja.

Fundi Tyubu
Tyubu mbili. Na msiende peke yenu.

Kimamba Ndani Ndani
Hapo sikubaliani. Kundi lingekuwepo, yule mama ningemjulia wapi?

Mzee wa Ngomeni
Mjukuu wa Manamba, nimerudia kusoma habari za babu yako. Huku jirani ipo korona inayofanya kazi, asubuhi inaanza mapema. Njoo usikie sauti yake, bolti hazisemi kitu. Nitaongea na msimamizi.

Mjukuu wa Manamba
Shikamoo mzee wangu. Nakuja, na safari hii nampakia baba. Alizaliwa kambini, aliondoka ana miaka sita. Ila ana miaka sabini na mgongo unamsumbua. Kati ya Segera na kwako tupumzike wapi?

Dereva wa Hale
Simameni Hale, uliza kijiwe cha bodaboda, nitawapokea. Halafu Muheza mnunulie machungwa, atashuka mwenyewe.