Vitambaa vinafanana dukani, juani vinatofautiana: kwa nini?

Fundi wa Majengo:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninashona sare za kwaya hapa Dodoma mjini. Jora la zambarau liliisha kabla ya kazi kukamilika, nikanunua jingine ambalo, chini ya taa za tyubu za dukani, halikuwa na tofauti yoyote na la kwanza. Tulipovitoa vitambaa nje saa sita mchana, kimoja kilielekea wekundu na kingine ubluu. Ajabu ni kwamba shati langu jeupe ni jeupe dukani, juani na hata chini ya balbu ya manjano. Ikiwa mwanga ndio unaobadilisha rangi, mbona shati unaliacha?

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa:
Shati nalo haliachwi, fundi. Mwanga wa balbu ya zamani, wa kelvini 2,700 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga: kikiwa kidogo huelekea wekundu, kikiwa kikubwa ubluu), umejaa wekundu kuliko ule wa jua la mchana, ambao ni kelvini 5,500 hivi, kwa hiyo shati hurudisha machoni mwanga tofauti kabisa. Hutambui kwa sababu koni, yaani chembe za retina zinazopambanua rangi, hupunguza wepesi wake kwa mwanga uliozidi, na ubongo hulilinganisha shati na vitu vinavyolizunguka. Edwin Land, mvumbuzi wa Marekani, alirekebisha taa zake hadi karatasi mbili za rangi tofauti, kila moja kwa zamu yake, zikarudisha mwanga wa kipimo kilekile, na bado watazamaji waliziona kwa rangi zake halisi.

Vitambaa ni suala jingine. Tuna aina tatu tu za koni, hivyo zambarau mbili zilizotiwa rangi kwa kemikali tofauti zinaweza kuziamsha koni sawasawa chini ya taa moja na zisiziamshe hivyo chini ya nyingine. Tyubu hulundika mwanga wake katika mawimbi machache, ilhali jua lina mawimbi yote, yakiwemo yale ambayo vitambaa vyako vinahitilafiana. Hali hii huitwa metamerizimu, na ubongo hauwezi kuirekebisha, kwa kuwa marekebisho yake huviathiri vitambaa vyote viwili kwa pamoja.

Mpiga rangi za magari, Area D:
Sisi hulinganisha kiraka na bodi nje, kivulini, kisha juani. Jioni usijaribu kabisa: mwanga ukififia, koni huziachia kazi rodi, yaani chembe za jicho za kuonea gizani zisizopambanua rangi, nyekundu ikawahi kuwa nyeusi huku bluu ikingali inang'aa.

Fundi wa Majengo:
Nashukuru. Kwaya huimba ndani, chini ya taa za LED, lakini picha hupigwa nje. Nifuate mwanga upi?

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa:
Peleka vipande vyote viwili kanisani kwanza, maana LED si tyubu na huenda tofauti ikaonekana humo pia. Kwa ajili ya picha, shona kola na mikono ya sare zote kwa jora la pili, ikiwa kitambaa kitatosha, ili tofauti ionekane kuwa pambo la makusudi.