Rommel 1942: kilele chake kilikuwa Tobruk au El Alamein? Kinapimwaje?

Mchunguza_Ramani:
Wakuu, swali kwa wanaofuatilia vita vya Afrika Kaskazini. Clausewitz, mwananadharia wa vita wa Kijerumani, alieleza kwamba jeshi linalovamia hupungua nguvu kadiri linavyosonga mbele, hadi hufika mahali ambapo nguvu iliyobaki inatosha kujilinda tu. Hapo ndipo panaitwa kilele; likivuka hapo linajitafutia kipigo. Nadharia naielewa, tabu yangu ni kuiwekea tarehe. Kwa Rommel, jenerali wa Kijerumani, wengine wanataja 21 Juni 1942 alipoiteka bandari ya Tobruk, Libya, wengine 1 Julai alipofika El Alamein, Misri, takribani kilomita 100 tu kutoka Alexandria. Mnatumia vipimo gani? Na je, yeye mwenyewe angeweza kujua wakati ule, au ni sisi tunaojua kwa sababu mwisho wa hadithi tumeshausoma?

Bohari:
Mkuu, anza kwa kuiweka ramani pembeni. Ramani itakuonyesha alipofika mbali zaidi, na mbali zaidi karibu kila mara ni baada ya kilele. Mimi huangalia mambo matatu: vifaru vinavyotembea jioni ya kila siku, tani zinazofika mstari wa mbele (zinazoshushwa bandarini ni hesabu nyingine), na kasi ya adui kujaza pengo lake.

Vifaru kwanza. Mapigano ya Gazala, magharibi ya Tobruk, yalipoanza 26 Mei, Wajerumani walikuwa na vifaru 332 na Waitalia 228. Asubuhi ya 1 Julai, divisheni mbili za vifaru za Kijerumani, ya 15 na ya 21, zilibaki na 55 kwa jumla. Katikati ya tarehe hizo ndipo Tobruk ilipoanguka, mateka wakawa kama 33,000, na Rommel akapandishwa cheo kuwa Fildimasheri kesho yake. Sifa zilikuwa zinapanda huku vifaru vinashuka. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Sasa tani, na hapa ndipo penye utamu. Divisheni moja yenye magari, jangwani, ilihitaji takribani tani 350 kwa siku, maji yakiwemo. Kutoka Tobruk hadi El Alamein ni karibu kilomita 540. Chukua lori la tani 2: kila siku lazima yafike malori 175 yaliyojaa. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,080, tuseme siku sita ukihesabu kupakia na kushusha. Kwa hiyo barabarani unahitaji malori 1,050, kwa divisheni moja! Na kwa kuwa karibu theluthi ya magari ilikuwa gereji muda wote kwa vumbi na mawe, andaa karibu 1,600. Rommel hakuwa na divisheni moja.

Tobruk yenyewe mara chache ilishusha zaidi ya tani 600 kwa siku. Zilizobaki zilitoka Benghazi, karibu kilomita 1,000 nyuma, au Tripoli, zaidi ya 2,000. Kwa wa huku kwetu: Tripoli hadi El Alamein ni kama Mombasa hadi Kampala halafu urudi karibu hadi Mombasa, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Lori linalokula lita 30 kwa kilomita 100 litachoma lita 1,200 na ushee kwenda na kurudi. Hiyo ni karibu kilo 900 za petroli, kukaribia nusu ya mzigo wa tani 2.

Jibu langu: kilele ni kati ya 21 na 23 Juni, kabla hajavuka mpaka wa Misri. Na kujua, angeweza. Hesabu hii hata karani wa stoo angeimaliza asubuhi moja.

Jangwani42:
Bohari, hesabu nzuri ila umeruka ngawira. Tobruk alikuta zaidi ya tani 1,000 za mafuta, magari kama 2,000 na vyakula vya kutosha. Sehemu kubwa ya magari yake wakati huo ilikuwa ya Kiingereza. Jeshi linalokula ghala la adui halifungwi na kipimo chako cha tani, angalau kwa wiki mbili. Na mbele yake kulikuwa na jeshi linalokimbia: Mersa Matruh, ndani ya Misri, aliichukua 29 Juni akiwa na vifaru vichache kuliko Waingereza. Ukisema kilele kilipita tarehe 23, utaelezaje ushindi wa tarehe 29?

Mimi naweka kilele mchana wa 1 Julai, mahali panapoitwa Deir el Shein. Tazama kilichotokea. Mbinu ya Rommel siku zote ilikuwa kuzunguka ubavu wa kusini kupitia jangwa lililo wazi. El Alamein hakuna ubavu: kaskazini bahari, kusini bonde la Qattara lisilopitika kwa magari mazito, katikati kama kilomita 60. Auchinleck, kamanda wa Waingereza, alilijua hilo. Vifaru 55 vikaingia katikati, vikakuta ngome ya Brigedi ya 18 ya Kihindi ambayo hawakuitarajia. Brigedi ilisambaratishwa, lakini jioni vifaru 18 vilikuwa havipo tena na siku nzima imeliwa. Tarehe 3 vilibaki 26. Rommel akaripoti kwamba divisheni zake zimebaki na watu 1,200 hadi 1,500 kila moja, akasimamisha mashambulizi.

Kipimo changu ni hiki: tafuta siku ambayo mbinu iliyokuwa ikifanya kazi imeacha kufanya kazi dhidi ya adui yule yule.

Bohari:
Ngawira ni kweli, nakubali sikuitaja. Ila ngawira ni akiba, haijazwi tena. Lori la Kiingereza likivunjika springi, springi unaitoa wapi? Unachinja lori lingine. Mafuta nayo: Waingereza walibeba mengi kwenye madebe ya bati ya galoni 4, debe lile lile tunalopimia mahindi. Bati jembamba, kiungo kinaachia kwa mtikisiko, sehemu kubwa inamwagika njiani. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lenye mishikio mitatu na kifuniko cha kubana, na Waingereza waliligombania kila walipoliteka. Ghala la mafuta jangwani linapungua hata likikaa tu.

Mersa Matruh ilikuwa mwendo wa kusukumwa. Baiskeli huendelea kutembea hata ukiacha kupiga pedali.

Kyaka_78:
Tukitumia kipimo cha Jangwani42 kwa Amin, jibu ni rahisi: majeshi yake yalilipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978. Jeshi linalokusudia kuendelea halivunji daraja lililo mbele yake. Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Mchunguza_Ramani:
Safi sana hiyo. Lakini mbona mwishoni mwa Agosti Rommel alishambulia tena, pale Alam Halfa, akiwa na vifaru vingi kuliko Julai? Si kilele cha pili hicho?

Jangwani42:
Hapana. Wajerumani peke yao walikuwa na vifaru kama 200, kweli. Usiku wa 30 Agosti waliingia kwenye mabomu ya ardhini yaliyotegwa kwa kina kuliko walivyokadiria, ndege zikawapiga usiku kucha, na kufikia 2 Septemba walikuwa wanarudi kwa kukosa mafuta. Meli ya mafuta San Andrea ilizamishwa siku ile ile ya kuanza. Nguvu yake ilipanda, ya adui ikapanda zaidi.

Hapa namrudia Bohari kwenye kipimo chake cha tatu, ambacho amekitaja akakiacha. Habari za Tobruk zilipomfikia Churchill alikuwa Washington na Roosevelt. Roosevelt akauliza asaidie nini, wakatolewa vifaru 300 vya Sherman, vikafika Misri Septemba. Ushindi mkubwa wa Rommel ndio uliomletea adui vifaru vilivyomvunja Oktoba.

Bohari:
Basi umenisaidia kutetea tarehe 21.

Nyongeza moja kwa mwenye mada, kuhusu kama angejua. Makubaliano ya awali yalikuwa kwamba Tobruk ikianguka, jeshi lisimame mpakani na ndege zihamishiwe kazi ya kuiteka Malta, kisiwa cha Waingereza kilichosumbua meli za mizigo ya Rommel. Kesselring, kamanda wa Kijerumani wa eneo la Mediterania, alilishikilia hilo. Rommel akaomba ruhusa ya kuendelea, Hitler na Mussolini wakaitoa. Kwa hiyo mahali pa kusimama palikuwa pameshaandikwa kabla ya vita vya Gazala. Mimi binafsi nadhani hata Malta ingetekwa, tani 600 za Tobruk zingebaki 600, na malori yale yale.

Jangwani42:
Hapo kwenye Malta tutagombana. Fungua uzi wake.