Naomba ushauri: uzamili wa uainishaji wa mimea ng'ambo, au uhifadhi kwa jumla?

Binti wa Muheza
Ndugu zangu, asalaam aleykum. Nina shahada ya kwanza ya botania, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaongoza watafiti katika msitu wa Amani, kazi iliyonifunza kwamba mtu aweza kupita kando ya mmea kila siku asijue jina lake. Nimeona kozi ya mwaka mmoja ya bioanuwai na uainishaji wa mimea inayotolewa na Chuo Kikuu cha Edinburgh pamoja na bustani ya botania ya mji huo; zipo pia kozi pana za uhifadhi. Baba ananiuliza ni nani atakayeniajiri kwa kuhesabu stameni, vile viungo vya kiume vya ua, nami sina jibu. Nichague ipi?

Mzee wa Raskazone
Wa aleykum salaam, mwanangu. Lile ua la zambarau la Usambara, ambalo Saint Paul, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alilipeleka kwao, mtaalamu wa mimea Wendland aliliita Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi (kundi la spishi za ukoo mmoja) ya Streptocarpus, kwa kuwa vinasaba vilionyesha kuwa limechipuka humo humo. Mwambie baba, basi, kwamba stameni ni mwanzo tu. Utajifunza pia kusoma DNA, kupanga miti ya nasaba na kanuni za kutoa majina.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Vielelezo vingi vya mimea ya misitu yetu vilikuwa Berlin, na herbaria ya huko, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliteketea kwa mabomu Machi 1943; mkusanyo wa Amani wenyewe ulihamishiwa Nairobi. Mtu wa Muheza akitaka kuhakikisha jina la mmea wa nyuma ya nyumba yao, hana budi kubisha hodi kwa wengine. (Picha za vielelezo ziko kwenye intaneti, naam, lakini ua la pichani hulipasui ukatazama ndani.) Nenda Edinburgh.

Mwana wa Pangani
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo natofautiana nawe kidogo. Nilisoma kozi finyu kama hiyo, nikarudi, nikakaa zaidi ya mwaka bila ajira. Kilichoniokoa ni tathmini za athari kwa mazingira: kampuni huhitaji orodha ya spishi, na wanaoweza kuiandaa bila kubahatisha ni wachache. Kwa hiyo dada, nenda, lakini jifunze na ramani za kompyuta. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao unao, na ukimaliza ni lazima urudi nchini kwa miaka miwili.

Mama Lushoto
Mwanangu, tasnifu uifikirie tangu sasa. Ukitaka kukusanya sampuli mpya Amani utahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ruhusa ya hifadhi na ruhusa ya kuzisafirisha nje, na kozi ya miezi 12 haingoji mihuri. Chagua kundi ambalo vielelezo vyake vimekwisha kuhifadhiwa huko, kisha umwandikie msimamizi kabla ya kutuma maombi.

Binti wa Muheza
Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni. Nafikiria jenasi ya Impatiens, mimea ya maua ambayo imejaa kandokando ya vijito vya Amani na hutuchanganya hata sisi waongozaji. Kaka wa Pangani, hao wa tathmini hukulipa kwa siku au kwa orodha? Baba ataliuliza hilo kwanza.