Wilaya yetu ya shule inataka kufuta Jumatatu. Mlioko Marekani, mnasemaje?

Mama wa Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Tuko Missouri, kijijini kabisa, na wiki iliyopita mtoto amerudi na barua kwenye begi: bodi ya shule inafikiria kuhamia wiki ya siku nne. Jumatatu shule inafungwa, na Jumanne hadi Ijumaa watoto wanatoka wamechelewa kidogo kuliko sasa. Kura ya bodi ni mwezi ujao.

Kwa ambao hamjaishi huku, wilaya ya shule si wilaya ile ya mkuu wa wilaya (DC). Ni mamlaka inayojitegemea, inakusanya kodi yake ya mali, na inaongozwa na bodi ya watu wanaochaguliwa na wakazi. Nyingine zina shule mbili tatu tu. Nchi nzima zimebaki kama 13,000, wakati mwaka 1940 zilikuwa zaidi ya 117,000, nyingi zikaunganishwa na kumezwa. Yetu ni katika zile zilizokataa kumezwa. Msingi, shule ya kati na sekondari vinatumia uwanja mmoja wa kuegesha magari.

Barua inatoa sababu mbili. Kwanza, walimu hawapatikani, na majirani zetu wakishahamia siku nne wanatunyang'anya hata hao wachache. Hilo si uongo, karibu theluthi moja ya wilaya za Missouri zimeshahamia. Pili, kuokoa fedha. Kisheria wako sawa pia, maana Missouri inahesabu saa za masomo, 1,044 kwa mwaka, haihesabu siku.

Mimi sina ugomvi na mwalimu kupumzika. Shida yangu ni kwamba barua ina kurasa mbili, na hakuna sentensi hata moja inayosema Jumatatu watoto watakuwa wapi. Natoka kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, mume wangu anaingia saa moja. Nikishawapandisha kwenye basi ndipo nalala. Sasa Jumatatu nalala saa ngapi? Na mdogo ana miaka sita, si mtu wa kuachiwa funguo.

Naomba hoja, hasa za mlioishi na jambo hili.

Mwalimu wa Hesabu

Dada, pole na zamu. Nafundisha kwenye wilaya ya siku nne, huu mwaka wangu wa tatu, kwa hiyo niruhusu nitetee upande wangu.

Wilaya ndogo haiwezi kushindana na miji kwa mshahara. Kabla ya sheria ya 2024, kima cha chini cha mwalimu anayeanza Missouri kilikuwa dola 25,000 kwa mwaka. Sheria ile ikakisogeza hadi 40,000, lakini kitongoji cha mji mkubwa kitakupa zaidi ya hapo na duka la maana liko jirani. Kijiji kitakupa nini? Kitakupa muda. Tulikaa muda mrefu tunatafuta mwalimu wa fizikia, tangazo likachakaa. Tulipoandika "siku nne" wakajitokeza wawili. Ni wawili tu, najua, lakini tulikuwa tumezoea sifuri.

Jumatatu yangu nasahihisha madaftari, napanga vipindi, naenda kwa daktari. Zamani nikienda kwa daktari darasa langu linabaki na mtu wa kuziba pengo, na mara nyingine mtu huyo ni mwalimu wa michezo anayewawekea video.

Na kwa nini Jumatatu, si Ijumaa? Sikukuu nyingi za serikali zinaangukia Jumatatu, kwa hiyo hazikuli siku nyingine ya masomo. Halafu Ijumaa usiku kuna mechi. Gusa mechi ya Ijumaa kijijini uone kama utachaguliwa tena kwenye bodi.

Sisi wa Zamani

Watoto wa siku hizi wanadekezwa. Sisi tulisoma mpaka Jumamosi na hatukufa.

Mama wa Zamu ya Usiku

Sawa mzee, njoo basi ukae nao Jumatatu.

Mpiga Hesabu

Mwalimu ametetea vizuri hoja ya walimu. Mimi nitaikamata hii ya kuokoa fedha, maana ndiyo inayowalainisha wajumbe wa bodi, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mwaka 2011 tume ya majimbo inayoshughulikia elimu, Education Commission of the States, ilipiga hesabu hii. Kwa kiwango cha juu kabisa, wilaya inaweza kuokoa asilimia 5.43 ya bajeti yake. Wilaya ya kawaida inaishia kati ya asilimia 0.4 na 2.5. Wengi hudhani ukiondoa siku moja kati ya tano umeokoa asilimia 20. Haiendi hivyo. Sehemu kubwa ya bajeti ya shule ni mishahara na marupurupu, na mwalimu mwenye mkataba wa mwaka analipwa kile kile. Kinachopungua ni mafuta ya mabasi, chakula, umeme kidogo, na malipo ya wale wa kuziba pengo.

Sasa jiulize hako kaasilimia kanatoka mfukoni mwa nani. Nani analipwa kwa saa pale shuleni? Mpishi, dereva, msaidizi wa darasani. Ndio hao.

Dereva wa Basi la Njano

Umenigusa penyewe. Naendesha basi la shule, jimbo jingine lakini kesi ni ile ile. Tulipohamia siku nne waliniambia siku ya tano nitapewa kazi ya kuosha mabasi na kukata majani. Wiki ya kwanza nilipewa. Ya pili nikapewa nusu siku. Baada ya hapo wakasema majani hayaoti haraka hivyo. Nimepoteza moja ya tano ya ujira, na kwenye mkutano wa bodi hasara yangu ikasomwa kama mafanikio, chini ya kichwa cha habari "akiba".

Kaka wa Colorado

Naomba kutofautiana na mleta mada na waliomuunga mkono. Huku Colorado zaidi ya nusu ya wilaya ziko siku nne, nyingine kwa miongo kadhaa, na kwetu hakuna anayezungumzia kurudi. Si jambo geni. Wakati wa msukosuko wa mafuta wa miaka ya 1970 kuna wilaya zilizofuta siku moja ili mabasi yasitembee.

Watu wa mijini hawaelewi umbali. Daktari wa meno wa watoto wangu yuko mwendo wa saa mbili. Kwenye siku tano, kila miadi ni siku ya shule iliyopotea, na mzazi amepoteza kazi pia. Sasa mambo yote tunayamaliza siku ile ile ya mapumziko. Mwaka 2021 RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichapisha utafiti mkubwa wa wilaya za namna hii, na wazazi wengi na wanafunzi wengi waliridhika, walipenda muda wa pamoja na familia. Usiogope, dada, utazoea.

Mpiga Hesabu

Kaka, utafiti huo umeusoma mpaka katikati. Endelea. RAND hao hao walikuta kwamba kwa miaka kadhaa alama za wanafunzi wa siku nne katika kusoma na hesabu zilipanda polepole kuliko ambavyo zingepanda kwenye siku tano. Watu kuridhika ni jambo moja, mtoto kujua hesabu ni jambo jingine.

Na kwa kuwa umetaja Colorado, kuna utafiti wa 2018 kuhusu maeneo ya vijijini ya jimbo lako hilo hilo, uliokuta makosa ya jinai ya vijana yalipanda, hasa ya wizi na mali. Kijana wa miaka 15, siku nzima, hakuna mtu mzima. Hapo hakuhitaji profesa.

Mwalimu wa Hesabu

Hapo nakubali, kwa sharti moja. Athari mbaya zaidi zinaonekana pale saa za masomo zinapopungua. Wilaya inayorefusha kweli zile siku nne haiko sawa na ile inayofuta siku na kuongeza dakika kumi na tano. Dada, tafuta kwenye barua yako: kila siku inaongezeka dakika ngapi? Lakini nami niseme ukweli wa darasani. Kipindi cha mwisho Alhamisi, mtoto wa darasa la kwanza aliyeamka giza ameshalala kwenye meza. Dakika zipo kwenye ratiba, mtoto hayupo.

Mama wa Zamu ya Usiku

Nimeangalia. Dakika thelathini na tano.

Kaka wa Colorado, nikuulize bila ubaya: siku watoto wako hawaendi shule, nani yuko nyumbani?

Kaka wa Colorado

Mama mkwe anaishi nasi.

Haya, dada, nimekuelewa.

Mkalimani

Mjadala mzuri, lakini naona tunamsaidia dada kushinda hoja wakati anachohitaji ni kuingia kwenye kile chumba. Niseme ya vitendo.

Mikutano ya bodi ni ya wazi kwa sheria ya jimbo. Bodi nyingi hutenga muda wa wananchi kusema, kwa kawaida dakika chache kwa kila mtu, na unajiandikisha kabla. Kura ya kuchagua wajumbe ni ya raia, lakini kusimama na kusema hakuhitaji uraia. Piga simu ofisi ya wilaya ujue utaratibu wao.

Barua ilikuja kwa Kiingereza tu, sivyo? Shule inayopokea fedha za serikali kuu inafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na chini yake ina wajibu wa kuwafikishia wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa. Kubadilisha kalenda nzima ni taarifa muhimu. Omba tafsiri, omba na mkalimani siku ya mkutano. Usimtumie mtoto wako akalimani, atakufupishia.

Jambo jingine. Sheria ya 2024 ya Missouri, mbali na mishahara, iliweka sharti la wananchi kupiga kura kabla ya kuhamia siku nne, lakini sharti hilo liliwalenga walio kwenye miji ya watu zaidi ya 30,000 na kaunti kubwa. Kijiji chenu hakimo. Kwenu ni watu saba kwenye meza, na kura nne zinatosha. Ndiyo maana sauti ya mzazi mmoja mwenye maswali yaliyonyooka ina uzito kuliko unavyodhani.

Mama wa Mwanangu wa Pekee

Naongeza kitu ambacho hakijaguswa. Mwanangu ana mpango maalumu wa elimu, anapata dakika za tiba ya matamshi kila wiki. Tulipohamia siku nne dakika hazikupungua kwenye karatasi, zilibanwa tu, na kwa ajili hiyo alikuwa anatolewa kwenye somo la sayansi. Anayeuliza, aulize na hilo.

Mama wa Zamu ya Usiku

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nilikuja nikiwa nataka mtu aniambie bodi imekosea. Bado nasema imekosea, lakini mwalimu wa fizikia nimemfikiria njia nzima nikirudi kutoka kazini. Mwanangu mkubwa naye atahitaji mtu wa kumfundisha fizikia.

Kwa hiyo sitasimama kusema "msifute Jumatatu". Nitasema, mkiifuta, fungueni jengo moja, la msingi, bila malipo, chakula cha mchana kiwepo, na wapishi na madereva wapewe kwanza zile saa. Mpiga Hesabu atasema hapo akiba yote imeisha. Ndiyo, iishe. Kama wanataka walimu, wawatafute walimu, wasitwambie ni akiba. Na waandike kabisa kwamba baada ya miaka miwili watatuonyesha alama za watoto na kupiga kura upya.

Nimejiandikisha, nimepewa dakika tatu. Jana nimejipima kwa simu, nikatumia dakika nne na sekunde ishirini. Nipunguze wapi?

Dereva wa Basi la Njano

Punguza salamu.