Bila Frederick wa Saxony, Luther angeishia kama Hus?

Mleta mada: Wakuu, kila Oktoba 31, siku ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, tunaambiwa Martin Luther, mtawa wa Ujerumani aliyempinga Papa, alishinda kwa hoja. Mimi naona alishinda kwa sababu alikuwa na mtu serikalini. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia (Cheki ya leo) aliyelikosoa Kanisa karne moja kabla yake, alikwenda kwenye mtaguso wa Konstanz na hati ya usalama ya Mfalme Sigismund, akachomwa moto Julai 1415. Luther akagoma kufuta maneno yake mbele ya bunge la kaisari pale Worms mwaka 1521, kaisari akampiga marufuku, lakini mtawala wake Frederick akapanga "atekwe" njiani na kufichwa katika ngome ya Wartburg. Na huyo Frederick wala hakuwa mwanamageuzi! Alikuwa na masalia ya watakatifu yapatayo 19,000 Wittenberg, watu wakienda kuyatazama wanapata rehema, yaani kupunguziwa adhabu ya dhambi. Vyeti vya rehema alivyouza mtawa Tetzel alivikataza kwake, maana fedha zilikuwa zinavuka mpaka kwenda kwa wapinzani wake na Roma. Papa Leo X naye mwaka 1519 alikuwa anambembeleza kwa ajili ya uchaguzi wa kaisari, maana Frederick alikuwa mmoja wa wapiga kura, kesi ya Luther ikalala.

Mchangiaji wa kwanza: Mungu umemwacha nje kabisa, haya. Ila Wacheki umewasahau. Hus aliuawa, wafuasi wake wakaja kuyapiga majeshi ya msalaba mara tano. Mfalme gani aliwabeba?

Mleta mada: Mfalme hapana, wakubwa ndiyo. Miezi miwili tu baada ya Hus kuuawa, makabaila 452 wa Bohemia na Moravia walitia mihuri yao kwenye barua ya kupinga. Wenye ardhi na askari hao, mkuu, si kwaya ya vijana.

Mchangiaji wa pili: Mbona hamsemi nani alilipa? Wakulima wa Ujerumani walipoinuka 1525, Luther aliwahimiza watawala wawaue bila huruma, na mhubiri aliyekuwa upande wao, Thomas Müntzer, akakatwa kichwa. Mwaka 1555 pale Augsburg ikakubaliwa kwamba mtawala ndiye achague, Ukatoliki au Ulutheri. Raia asiyetaka auze mali ahame. Waanabaptisti, wale waliobatiza watu wazima tu, hata hilo hawakupewa. Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa mtoni Zürich Januari 1527, na waliomzamisha hawakutumwa na Papa. Lilikuwa baraza la mji wa mwanamageuzi Zwingli mwenyewe.

Mleta mada: Si ndiyo unanikubalia? Asiye na mtawala anazama.

Mchangiaji wa kwanza: Anazama mtu mmoja. Waanabaptisti walioshika dola ni wale wa mji wa Münster, Ujerumani, 1534, na mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha. Waliodumu ni wale wa Menno Simons, waliokataa upanga na hawakuwa na Frederick yeyote. Wamennonite hao hao walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, na wapo hadi leo. Nani alikuwa mtu wao serikalini, mleta mada?